Usiyafute Matusi ya Watani

Rehema, aliyerithi meza yangu, aliniomba nimwandikie mwongozo mfupi wa kuendesha ukurasa wa ofisi mtandaoni. Nilikaa barazani kwangu Matogoro, kikombe cha chai pembeni, nikaandika: "Kwanza, hakikisha kila tangazo lina tarehe." Nikaishia hapo. Mengine yote niliyokuwa nayo yalikataa kupangwa kwa namba. Kwa hiyo, vijana wa kitengo cha habari, pokeeni haya badala ya mwongozo. Ofisi sitaitaja. Wenyewe mnaijua, na asiyeijua hatapungukiwa kitu.

Nilifika Songea nikiwa binti mwenye sanduku la bati na barua ya ajira, nimetoka Iringa kwa basi. Ilikuwa asubuhi ya mvua iliyokwisha kunyesha, na milima ya Matogoro ilikuwa imejivuta karibu na mji kama watu wanaotaka kusikia habari. Getini pa ofisi mlinzi aliniuliza jina, nikamwambia: Kihwele. Akageuka, akawapazia sauti waliokuwa uani.

"Jamani, fungeni mbwa. Mhehe ameingia."

Watu walichungulia madirishani. Nyumbani nilikuwa nimefundishwa la kufanya. Nikamwambia asihangaike na mbwa, nimekula njiani. Ila nimesikia kwamba Wangoni siku hizi mna njaa, hata panya mmewamaliza. Mlinzi alicheka mpaka akashika nguzo ya geti. Kisha akalibeba sanduku langu mwenyewe hadi mapokezi, akamwambia karani, "Mtani wangu huyu. Msimchezee."

Nawaeleza ninyi mliotoka mbali. Zamani Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali, wakachoka, wakapatana. Vita vile vikaacha utani: wao hutuita wala mbwa, sisi huwaita wala panya. Mtani anaweza kukutukana popote, hata msibani, hata mbele ya jeneza la baba yako, na wewe huruhusiwi kununa. Anayenuna ndiye aliyeharibu. Siku ile nilidhani nimepata rafiki wa getini tu. Sikujua kwamba nimekabidhiwa kitendea kazi bora kuliko vyote nitakavyopewa baadaye, kamera na kompyuta vikiwemo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Luoga, dereva wa gari la matangazo, ambaye pia alikuwa mtangazaji, fundi, na siku za mwisho wa wiki mpiga kinanda kanisani. Juu ya gari lake kulikuwa na vipaza sauti viwili vilivyotanuka huku na huku.

"Unaviona, binti?" aliniuliza safari ya kwanza. "Vinafanana na masikio, lakini ni midomo. Gari zima hili halina sikio hata moja."

Tulifika kijiji kimoja huko Namtumbo, tukazunguka tukitangaza mkutano wa afya. Watu walituangalia kama wanavyoangalia ndege ikipita. Tulipomaliza, Mzee Luoga alizima kipaza sauti, akaegesha kando ya mashine ya kusaga, akafungua boneti.

"Limeharibika, mzee?"

"Halijaharibika. Shika spana hii, ukunje uso."

Nikakunja uso. Muda si mrefu tukawa na wanaume watatu wameinamia injini pamoja nasi, na wanawake waliokuja kusaga wamesogea na madebe yao kichwani.

"Serikali imewapa gari," mmoja akasema, "akili ya kulitengeneza ikawanyima."

"Ndivyo ilivyo, ndugu yangu. Hebu nishikie hapa. Kwani ule mkutano wa afya mtakuja?"

"Tuje tufanye nini? Mwaka jana mliita mkutano siku ya kupanda. Nani anaacha mbegu akasikilize hotuba?"

Hapo ndipo tulipopata tulichokifuata. Mkutano ukasogezwa, watu wakajaa. Njiani kurudi, Mzee Luoga aliniambia maneno ambayo nimeyatembeza miaka yangu yote ya kazi: "Ukisimama juu ya mtu na kipaza sauti, anakusikia. Ukiinama naye kwenye injini, anakwambia." Gari lile lilifunguliwa boneti mara nyingi kuliko gari lolote zima mkoani Ruvuma.

Aliondoka duniani kabla simu za kupangusa hazijafika mezani kwetu. Mara nyingi nimejiuliza angesemaje siku tulipofungua ukurasa. Bosi wangu wa wakati ule, mtu mwema aliyezaliwa mbali na huku, alikusanya kitengo kizima akatutangazia kwamba sasa serikali iko kiganjani mwa mwananchi. Tukaanza. Tuliweka picha za viongozi wakiwa wamekaa. Tuliweka picha za viongozi wakiwa wamesimama. Siku za sherehe tuliweka viongozi wakipanda mti. Chini ya kila picha mtu mmoja au wawili waliandika "Amina", na sijui walidhani ni sala gani.

Niliutazama ukurasa ule nikaliona gari la Mzee Luoga likirudi: midomo miwili, sikio hakuna.

Asubuhi moja bomba la mtaani kwetu lilikauka. Nilipofika kazini nikaandika kwenye ukurasa, bila picha wala muhuri: "Habari za asubuhi. Matogoro hatuna maji tangu jana, na mwandishi wa tangazo hili ameoga kwa kikombe. Kwenu vipi?" Majibu yalimiminika. Watu walitaja mtaa kwa mtaa, wapi yanatoka na wapi yameishia, na kwa majibu hayo mafundi walijua wakachimbe wapi. Bosi aliniita.

"Mama Kihwele, umeitangazia dunia nzima kwamba serikali haijaoga."

"Imeoga, bosi. Kwa kikombe."

 Alikuwa ameshapata taarifa ya mafundi, kwa hiyo hakuwa na mahali pa kukasirikia. Tangu siku hiyo chapisho la namna ile nililiita boneti, na kila wiki nilifungua boneti moja.

Nilijifunza mengine polepole. Salimia kwanza, hata kama ni tangazo la kipindupindu. Mtu asiyesalimiwa haendelei kusoma. Picha nzito hazifunguki vijijini kama Lusewa. Wakulima wa tumbaku mikono yao iko kwenye majani kutwa, kwa hiyo usiwaandikie, waongeleshe: rekodi sauti fupi, waisikilize simu ikiwa imelala kwenye kigoda. Na mtu akiuliza usilolijua, mwambie hujui na kwamba utauliza. Halafu uulize. Halafu urudi. Serikali inayosema "sijui" ikarudi na jibu watu huikumbuka, maana si kitu wanachokutana nacho kila siku.

Kesi iliyonipima kuliko zote ilianza na sauti ya mwanamume.

Surua ilikuwa imeingia vijijini, na kampeni ya chanjo ya watoto ilikuwa inakaribia. Nilikuwa nimeshaitangaza kwa kila njia. Ndipo klipu ya sauti ikaanza kuzunguka kwenye magrupu ya simu. Mzee mmoja, sauti nzito, ya kuaminika, anasema taratibu: "Serikali inaleta sindano. Mtoto akichomwa, hatabaki kama alivyozaliwa. Nawaambieni, ficheni watoto." Inakatika hapo.

Niliipata kwenye grupu la kwaya. Nikaipata tena kwenye grupu la akina mama wa Matogoro, kisha ikanijia kutoka Tunduru, imeshafika huko kabla ya basi la asubuhi. Muuguzi mkuu wa kampeni alinipigia simu akiwa Lusewa.

"Mama, huku wanawahamishia watoto kwenye vibanda vya shambani. Juzi nimemzika mmoja. Surua haitungoji tumalize kubishana."

Bosi alitoa maagizo mawili. Kwanza, nitengeneze bango lenye muhuri mwekundu wa neno UZUSHI. Pili, sauti ile ipelekwe polisi, mwenyewe atafutwe, ashtakiwe kwa sheria ya mtandao.

Nilimwomba dakika chache. Niliirudia klipu ile nikiwa nimeibana simu sikioni. Nyuma ya mzee yule kulikuwa na mlio wa masufuria makubwa, mengi. Na mwishoni kabisa, kabla haijakatika, mwanamke alikuwa amevuta pumzi ya mtu anayetaka kupasuka kwa kicheko. Masufuria mengi na kicheko pamoja: huo ni msiba wenye watani, na lafudhi ya mzee ilikuwa ya Kingoni.

"Bosi, huyu anatania."

"Anatania kwa kutishia watoto?"

"Amekatwa kabla hajamaliza. Utani wowote ukikatwa mwisho unakuwa kitisho."

Alishusha pumzi. "Una hadi kesho. Baada ya hapo sauti inakwenda polisi, na mimi nitaandika kwamba wewe ndiye uliyenichelewesha."

Niliuliza kwenye grupu la kwaya ni msiba gani wa karibuni ulikuwa na Wahehe. Jibu lilikuja upesi: mwalimu mstaafu, Mhehe mwenzangu, alikuwa amezikwa Lusewa, na mtani aliyetawala matanga alikuwa mkulima wa tumbaku anayeitwa Mapunda. Nikapanda gari la chanjo.

Nilimkuta kwenye bani lake la kukaushia tumbaku, yeye na mkewe wakifunga majani kwenye fito. Mzee mrefu, kofia imekaa upande.

"Shikamoo, babu. Mimi ni Mama Kihwele, natoka ofisini Songea."

"Kihwele," alisema bila kuinua kichwa. "Marahaba. Ngoja kwanza nifunge mbwa."

"Usijisumbue. Nimekuja kuhesabu panya, nimesikia wanapungua."

Akainua kichwa, akanipa kigoda. Nikamfungulia klipu. Alianza kutabasamu tangu neno la kwanza.

"Huyo ni mimi. Siku ile niliwachapa Wahehe mpaka wakasahau kulia. Mbona umeikata?"

"Sikuikata mimi. Mwisho wake ulikuwaje?"

"Mtoto akichomwa hatabaki kama alivyozaliwa, ficheni watoto, maana ataamka Mhehe, anabweka."

Mkewe alicheka tena, kama vile ndiyo kwanza anausikia. Mimi sikucheka. Nilimweleza kuhusu vibanda vya shambani, na kuhusu mtoto ambaye muuguzi alikuwa amemzika. Fito ilimponyoka mkononi. Akaniomba simu yangu, akataja namba ya binti yake Salome aliyeolewa Tunduru. Nikaiweka sauti ya juu.

"Salome, mtoto amechomwa sindano?"

"Achomwe wapi, baba? Nimempeleka shambani kwa mama mkwe, kama ulivyosema."

"Mimi nilisema lini?"

"Baba, sauti yako nisiijue? Nimelelewa nayo."

"Ile ilikuwa utani wa msibani. Mrudishe mtoto, achomwe."

 Salome akashusha sauti. "Baba, hii si namba yako. Kuna mtu wa serikali hapo? Wamekulazimisha?"

"Yupo, lakini..."

"Basi usiseme kitu, baba. Nimeelewa." Akakata.

Mzee Mapunda alibaki ameishika simu kama kitu kilichomfia mkononi. "Sauti yangu imeniacha hapa," alisema, "ikaenda Tunduru peke yake. Sasa naiita, hairudi."

Hapo nilielewa kwamba bango la bosi lisingeponya mtoto hata mmoja. Kama binti hamwamini baba yake kwa sababu serikali imesimama karibu, nani ataamini muhuri? Tulijaribu hata hivyo. Nilimrekodi akisema, "Ndugu wananchi, mimi Mapunda nakanusha," na tulipoisikiliza alisikika kama mtu aliyeshikiwa panga shingoni. Niliifuta.

Nikamkumbuka Mzee Luoga. Niliiacha simu ikirekodi juu ya gunia, nikachukua fito na majani, nikaanza kufunga tumbaku. Sijawahi kufunga tumbaku maishani mwangu. Majani yalining'inia kama nguo za mlevi. Mzee Mapunda alivumilia kidogo, akashindwa.

"Mama, unafunga tumbaku au unanyonga kuku?"

"Nafunga kama mlivyofundishwa na panya wenu."

"Jamani, njooni mumwone Mhehe wa serikali. Mshahara anapewa, jani linamshinda. Mbwa angekuwa, angemfunga vizuri."

Akawa amewaka. Alinichamba mimi, ofisi yangu, gari letu na viatu vyangu. Kisha, akiendelea kufunga majani, akausimulia ule utani tangu mwanzo, masufuria, marehemu mwalimu, Wahehe waliosahau kulia, na safari hii akaufikisha mwisho wake. Mkewe akapasuka kicheko kilekile kilichokatwa. Na mzee akasema, bila kubadili sauti: "Wanangu wote nimewachoma sindano hii, hakuna aliyebweka. Salome, mama, mchome mjukuu wangu. Na akibweka nitamlea hivyohivyo."

Bosi aliisikiliza ofisini, mlango umefungwa.

"Umeitwa mla mbwa. Kwenye ukurasa wa serikali."

"Ndiyo, bosi. Mtu aliyelazimishwa hawezi kumtukana anayemlazimisha. Kila atakayesikia atajua mzee yuko huru."

"Na wewe umemjibu habari za panya."

"Alianza yeye."

Aliirudia, kiganja kimefunika mdomo, mabega yanatikisika. "Iweke," alisema. "Ila muhuri wa ofisi usiuweke."

Niliiweka. Kabla ya chakula cha mchana Songea nzima ilikuwa inatukanana. Wangoni na Wahehe wakajibizana kwenye ukurasa, kisha Wayao wakaingia na yao, na ile sauti ikatoka mbio kwenye magrupu yaleyale ikiikimbiza ile ya kwanza. Na katikati ya matusi, maswali yakaanza kujitokeza, kama wale wanaume kwenye injini. Mwanangu ana mafua, achomwe? Alichomwa akiwa mchanga, arudie? Nilimkalisha muuguzi ubavuni pangu, tukamjibu kila mmoja kwa jina lake na salamu yake. Jina moja tu sikuliona kutwa nzima: Salome.

Siku ya chanjo nilikwenda Lusewa. Foleni ilizunguka zahanati, na mbele kabisa alisimama Mzee Mapunda amembeba mtoto wa jirani, akiwatangazia akina mama kwamba wakisikia mtoto anabweka wamwite yeye. Alitania na kila aliyepita, lakini macho yake yalikuwa kwenye mkoba wangu. Simu ililia. Ilikuwa klipu ya sauti kutoka Tunduru, haina neno hata moja, ni mtoto tu analia kwa nguvu zake zote, na nyuma yake Salome anambembeleza kwamba imekwisha, imekwisha.

Mzee aliibana sikioni. Akaisikiliza mpaka mwisho.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akanirudishia simu, akajifuta uso kwa kofia.

"Analia Kingoni safi," akasema. "Bado hajawa Mhehe."

Muuguzi ilimbidi aweke sindano chini kwanza.

Nimepewa cheti cha utumishi uliotukuka. Kipo ndani ya fremu, na fremu ipo ndani ya boksi. Ninalojivunia ni lile bani, ile foleni, na hili la mwezi uliopita.

Rehema alitangaza kustaafu kwangu kwenye ukurasa, picha yangu katikati, maua pembeni. Muda mfupi baadaye akanipigia, sauti inamtetemeka. Rehema ametoka pwani, hana mwaka huku.

"Mama, shikamoo. Samahani sana. Watu wameuvamia ukurasa, wanakutukana. Nimeshafuta wanne."

"Marahaba. Usifute tena, mwanangu. Hebu nisomee."

"Mama, siwezi."

"Soma."

Akasoma kwa aibu. Mbwa wa Matogoro leo watalala usingizi. Rudi kwenu Iringa, tumechoka kuficha mifugo. Mhehe pekee aliyejua kusoma ameondoka. Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Nilimweleza kwamba mahali hapa anayetukanwa na watu wote siku ya kuaga ni mtu ambaye wamemfanya wa kwao, na kwamba Iringa sirudi, mahindi yangu yako hapa yamesimama. Nikamwambia awaombe wale wanne radhi, waandike tena.

"Kuna mwingine ndiyo ameandika sasa hivi," alisema. "Huyu simwelewi kabisa. Anatumia simu ya mama yake." Akasoma: "Shikamoo bibi. Mimi ni mtoto wa Salome wa Tunduru, mjukuu wa Mapunda. Babu amesema nikuambie. Ile sindano imeanza kufanya kazi. Jana nimebweka."

Rehema alingoja. Mimi nilikuwa naitazama milima.

"Mama? Nimfute?"

"Mjibu," nikasema. "Andika: marahaba, mjukuu wangu, karibu Uheheni."